Je, wajua ni kwa nini Ziwa Chala halina chumvi, ilhali hakuna mto unaoingia wala unaotoka?

Swali hili nimelijibu vibaya kwa miaka mingi. Kila nilipoulizwa maji ya Chala yanakwenda wapi, nilijibu bila kupepesa macho: yanapita chini kwa chini, kisha yanaibukia kwenye chemchemi za Njoro Kubwa pale Taveta. Jibu hilo linapendeza. Ukisimama ukingoni ukaona ziwa liko juu na Taveta iko chini, huhitaji mtu wa kukushawishi. Ila maji yenyewe yalipoulizwa, hayakukubali.

Kwa asiyelijua, Chala (wengine huandika Challa) ni ziwa la kreta kwenye mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, kaskazini mwa mji wa Taveta. Mpaka wa Kenya na Tanzania unalikata, kwa hiyo unaweza kulitazama ukiwa Taita Taveta au ukiwa Rombo. Lina eneo la kilomita za mraba 4 na ushee, na kina kinachozidi mita 90. Kuta za miamba zimelizunguka pande zote, pengine zikipanda zaidi ya mita 100 juu ya maji. Mwaka 1891 Mmarekani May French Sheldon alishuka kuta hizo na kulizunguka ziwa kwa mashua. Ukiziona utaelewa kwa nini safari hiyo bado inatajwa.

Sasa hesabu. Mvua inayoangukia ziwani kwa mwaka ni kama milimita 600. Jua na upepo huondoa kama milimita 1,700. Duka linaloingiza 600 na kutoa 1,700 lingefungwa mapema, lakini Chala lipo, na kina chake hakibadiliki sana. Pengo linazibwa na maji yanayoingia kupitia kwenye miamba. Wengi husema hayo ni maji ya theluji ya Kibo iliyoyeyuka. Theluji hupewa sifa kuliko stahili yake: kileleni mvua na theluji ni haba, wakati ukanda wa msitu, juu ya migomba ya Wachagga, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka upande wa kusini. Maji ya Chala kwa sehemu kubwa ni mvua ya msitu huo, iliyonywewa na mawe ya volkeno na kusafiri polepole gizani.

Lakini kuingia peke yake hakuelezi utamu wa maji. Maji ya ardhini hubeba madini kidogo kidogo kutoka kwenye mawe, na jua likichukua maji huyaacha madini palepale. Weka sufuria ya mchuzi jikoni, kila ukipungua uongeze mchuzi mwingine wenye chumvi ileile. Baada ya muda hutaweza kuula. Ndivyo yalivyo maziwa ya Natron na Magadi, ambako maji huingia na njia pekee ya kutoka ni angani. Chala nalo lingekuwa hivyo, kama lingekuwa sufuria.

Chala ni mtungi. Mtungi wa udongo hauna tundu, lakini uuweke kivulini na nje utaloa, kwa sababu maji hupenya ukutani. Tofauti ni kwamba mtungi hutoa jasho la kupoza maji, na Chala hutoa jasho la kupunguza madini: maji yanayopenya kwenye miamba huondoka na chumvi yake, jambo ambalo mvuke hauwezi. Kwa hiyo "halina mto unaotoka" na "halina njia ya kutoka" ni mambo mawili, nami nilizoea kuyasema kama moja. Naivasha nalo halina mto unaotoka, na maji yake ni matamu kwa sababu hiyohiyo.

Kumbe basi niliposema maji yanatoka chini kwa chini nilikuwa sahihi. Nilikosea niliposema yanaibukia wapi, na namna kosa hilo lilivyogunduliwa ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

Chembe za maji hazina uzito mmoja. Nyingi ni nyepesi, chache zina haidrojeni au oksijeni iliyo nzito kidogo. Jua linafanya kazi ya mtu anayepepeta mchele: vilivyo vyepesi hupeperuka kwanza, vizito hubaki kwenye ungo. Maji yaliyokaa miaka mingi juani, kama ya Chala, yamepepetwa sana, hivyo yamebaki mazito kuliko mvua iliyozama moja kwa moja ardhini. Hiyo ni alama isiyofutika kwa kupita kwenye mwamba. Maji ya ziwa yakitokea kwenye chemchemi yoyote kwa wingi, yatajitambulisha.

Mtafiti aitwaye Payne alilipima jambo hilo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1970. Chemchemi za eneo hilo hazikuonyesha maji yaliyopepetwa. Mchango wa ziwa, kama upo, ni mdogo sana. Chemchemi hunywa mvua ya mlimani kwa njia zake, na jasho la Chala huingia kwenye hazina kubwa ya maji ya ardhini na kupotea humo, kama kikombe kilichomwagwa kwenye pipa. Vipimo vya namna hii hutoa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana, havitoi sifuri, kwa hiyo mzee wa Taveta akishikilia kwamba tone moja linafika, siwezi kumbishia.

Rangi ya ziwa nayo hubadilika, mara samawati nzito, mara kijani. Msimu wa upepo, kuanzia Juni hivi, maji ya chini huchanganyika na ya juu na vijimea vidogo vyenye maganda kama kioo huongezeka. Vikifa huzama na kuacha utando mweupe juu ya tope jeusi, mwaka baada ya mwaka, kama kurasa za kalenda. (Kuogelea si wazo zuri. Humo mna mamba, na mwaka 2002 waliua mtu.)

Kuhusu huko chini, hadithi ya kale inasema palikuwa na boma la Wamasai lililomezwa mlima ulipolipuka, na kwamba siku nyingine Wataveta husikia ng'ombe wakilia kutoka kilindini. Mwaka 2016 wanasayansi walichimba sakafu ya ziwa na kupata zaidi ya mita 200 za tope lililojikusanya kwa karibu miaka 250,000. Boma halikuonekana. Lakini walichimba mahali pamoja tu.