“Discuss about” inatoka wapi?

Katika insha za Kiingereza ninazosahihisha, hakuna kosa linalojirudia kama kihusishi (neno kama “about”, “for” au “on”) kilichopachikwa pasipo kazi: “discuss about the problem”, “she requested for help”, “emphasize on quality”. Na wanaoandika hivyo si wageni wa lugha. Wengi wao wanasoma Kiingereza kila siku, na kosa wamelichota humohumo wanamosoma.

Wamelichota kwenye nomino. Kiingereza husema “a discussion about the problem”, “a request for help”, “emphasis on quality”, na hapo kihusishi hakiepukiki, maana nomino haina uwezo wa kubeba shamirisho (kinachotendewa) yenyewe. Kitenzi kinao. Kwa maneno haya, nomino ikigeuka kitenzi, kihusishi hakina kazi tena: “we discussed the problem”, “she requested help”. Ndivyo ilivyo hata kwa “lack” na “answer”: ni “a lack of money” lakini “they lack money”, ni “an answer to the question” lakini “answer the question”. Mkaidi mmojawapo ni “reply”, ambayo huing'ang'ania “to” iwe nomino au kitenzi.

Wapo pia wanaokosea kinyume chake, wakaandika “wait me” na “listen the radio”. Hapa kinachotuponza ni Kiswahili. Sisi tukisema “nisubiri” au “nipikie” tumemaliza, yote yamo ndani ya kitenzi. Mwingereza hana kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo hutia neno pembeni: “wait for me”, “cook for me”. Ndiyo maana sipendi orodha za msamiati zinazoandika “wait” peke yake. Andika “wait for somebody”, ulikariri lote kwa pamoja.

Wanaosumbua kweli ni “rob” na “steal”. Nakutana na “they stole me” mara nyingi, na aliyeandika alitaka kusema “waliniibia”, si kwamba alitekwa! “Steal” huangalia mali: “they stole the phone from me”. “Rob” humwangalia mwenye mali: “they robbed me of my phone”. “Blame” nayo hugeuka kufuatana na kinachotangulia: “blame him for the delay”, au “blame the delay on him”.

Halafu kuna ile ya mwisho wa barua, “I look forward to see you”. “To” ya hapa ni kihusishi, si ile ya “want to see”. Kuihakiki, weka nomino mbele yake: “look forward to the meeting” inakubali, “want to the meeting” inakataa. Palipokubali nomino, kitenzi huja na “-ing”: “I look forward to seeing you”. Kipimo hichohicho kinafaa kwa “object to” na “be used to”.