Kwa nini picha ya maporomoko ya maji haifanani na yale unayoyakumbuka?

Maporomoko hayo umeyajua tangu utotoni. Ukifumba macho unasikia ngurumo yake na manyunyu yanakugusa uso. Siku unapoyapiga picha, maji yanatoka kama pamba iliyochambuliwa, au yameganda hewani kama vipande vya kioo. Je, wajua kwamba jicho lako halijawahi kuyaona hivyo?

Jawabu liko kwenye muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie. Tone lililoanguka mita 10 hufika chini likiwa na kasi ya mita 14 hivi kwa sekunde, tukiacha kando ukinzani wa hewa. Kamera ikifunguka kwa sehemu moja tu ya 1,000 ya sekunde, tone husogea sentimita 1.4, hivyo hubaki tone. Ikifunguka kwa robo sekunde, tone limeshashuka zaidi ya mita 3, na limeacha mstari mweupe. Mistari hiyo ikilaliana kwa maelfu, ndiyo ile pamba, laini kama hariri.

Wapiga picha wa mwanzo hawakuwa na hiari. Mwaka 1840, Mwingereza Hugh Lee Pattinson alipopiga picha ya maporomoko ya Niagara, Amerika Kaskazini, kwa dagerotipu, njia ya kale ya kupiga picha kwenye bamba la chuma, bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilikuwa zito kushika mwanga, na maji hayangemsubiri. Leo tunaitafuta hariri kwa makusudi: kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Mimi, kusema kweli, imenichosha. Napenda sehemu moja ya 15 ya sekunde, pale nyuzi za maji bado zinahesabika.

Na weupe je? Mapovu na matone hutawanya rangi zote za mwanga kwa pamoja, ndiyo maana maji yakivurugika huwa meupe. Kamera ikiachiwa ijiamulie hudhani mwanga umezidi, ikayafanya kijivu. Iongezee mwanga kidogo.

Sasa kumbukumbu. Mwaka 2014, mwanasaikolojia Linda Henkel alichapisha majaribio aliyofanya na watu waliozungushwa kwenye jumba la makumbusho. Vitu walivyovipiga picha nzima walivikumbuka vibaya kuliko walivyovitazama tu. Lakini waliposogeza lenzi kwenye sehemu moja ya kitu, upungufu huo haukuonekana. Kwa hiyo acha maporomoko mazima. Piga lile jiwe mlilokuwa mkikalia, au mzizi mlioushika mkiteremka.

Kuna jambo moja lisiloingia kwenye picha yoyote. Robert Addams aliliandika mwaka 1834 baada ya kuyatazama maporomoko ya Foyers, Uskoti. Kodolea macho sehemu moja ya maji kwa nusu dakika au zaidi, kisha hamishia macho kwenye mwamba wa kando. Utauona unapanda juu, taratibu, huku hauondoki mahali pake.