Pedali Mbili, Kazi Nne

Juma lililopita, tukiwa kwenye foleni ya magari kuelekea Entebbe, dereva alitambua kwamba ninafundisha urubani, akanitolea hukumu ambayo nimeisikia hadi nimechoka: "Kapteni, rubani anayekanyaga breki wakati ndege inataka kupaa, huyo ama amelewa ama hajui kazi." Sikumjibu, kwa kuwa magari yalianza kusogea na jibu lenyewe ni refu.

Wanaosema hivyo huwazia pedali za gari, ambako breki ina mahali pake peke yake. Katika ndege nyingi, ikiwemo Cessna 172 ambayo wanafunzi wengi huanzia, rubani ana pedali mbili tu, na kila moja ina kazi mbili. Akiisukuma pedali nzima, anageuza usukani wa mkia. Akiiinamisha ncha yake ya juu kwa vidole, anabana breki ya gurudumu la upande huo. Mpaka kati ya kazi hizo ni pembe ya kifundo cha mguu, basi. Ndege ya propela moja huvutwa kushoto inapokimbia kupaa, kwa hiyo mwanafunzi husukuma pedali ya kulia. Ikiwa wayo wake umepanda juu mno, anageuza usukani na papo hapo anabana breki, bila kukusudia hata chembe. Wala ndege haisimami, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu nguvu ya injini huishinda breki iliyobanwa kidogo, mwendo ukaendelea kuongezeka, ila polepole kuliko kawaida, na hakuna taa inayowaka kumwonya.

Tarehe 7 Septemba 2011, mjini Yaroslavl nchini Urusi, ndege ya Yak-42 iliyobeba timu ya magongo ya barafuni ilianguka mara tu baada ya kuondoka ardhini. Kati ya watu 45 waliokuwamo, 44 walikufa. Wachunguzi walibaini kwamba mguu wa mmoja wa marubani ulikuwa ukibana breki wakati ndege ikikimbia, na kubanwa huko kuliipunguzia kasi na pia kuliikandamiza pua isiinuke. Marubani hao walikuwa wamezoea Yak-40, ambayo pedali zake zina umbo jingine, na mguu ulikwenda ulikozoea kwenda. Siwatetei, maana uchunguzi huohuo ulikuta kasoro kubwa katika mafunzo yao ya Yak-42. Hata hivyo, anayeishia kwenye "kosa la rubani" bado hajaeleza kwa nini pedali iliyokosewa ilikuwa rahisi kukosewa.

Wala breki za ndege hazijawahi kukubaliana mahali pa kukaa. Kwenye Piper Cub hukanyagwa kwa visigino, kwenye Spitfire zilibanwa kwa mkono kwenye fimbo ya kuongozea, na Cherokee za awali zilikuwa na mkono mmoja wa kuvuta chini ya dashibodi.

Mwaka 1943 mwanasaikolojia Mmarekani, Alphonse Chapanis, alichunguza kwa nini marubani wa B-17, ndege ya kivita ya Marekani ya kudondosha mabomu, walikunja magurudumu baada ya kutua, badala ya flapu, yaani vibao vinavyoshushwa nyuma ya mabawa. Swichi mbili zilizofanana zilikuwa zimekaa pamoja. Akaweka kwenye moja kitufe chenye umbo la gurudumu, na kwenye nyingine chenye umbo la kabari. Dawa hiyo ilifaa kwa vidole vya mkono, lakini sioni jinsi ya kuitumia kwa mguu uliovaa kiatu chenye soli nene.

Kwa hiyo nasi walimu tunarudia wimbo uleule: visigino sakafuni mpaka ndege ipae. Nakiri kwamba mimi mwenyewe, upepo ukivuma kwa ubavu na miguu ikihangaika, siwezi kuapa kwamba visigino vyangu vilikaa chini mbio nzima. Tena kuna wanafunzi wafupi, ambao nawawekea mto wa sponji mgongoni ili wafikie pedali. Wakiweka visigino sakafuni, pedali ya kulia haifiki mwisho. Wakiviinua wapate usukani wote, vidole vyao vinatua juu ya breki. Nimejaribu mto mnene zaidi, nimejaribu kusogeza kiti mbele hadi usukani wa mikono ukawagusa tumboni, na mpaka leo sijaridhika na lolote kati ya hayo.