Kosa lisilo na dhamana: nani hasa anamnyima mtu dhamana?

Dhamana ni ahadi tu. Mshtakiwa anasubiri kesi akiwa kwake, na asipotokea mahakamani siku aliyopangiwa, wadhamini wake ndio wanaobanwa. Si msamaha, wala haina maana kwamba hakimu ameona hana hatia. Mtaani watu husema "kahonga, ndiyo maana katoka", kumbe mara nyingi kilichomtoa ni wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa.

Kosa lisilo na dhamana ni lile ambalo sheria yenyewe imemfunga hakimu mikono. Tanzania Bara, orodha yake imo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwenye kifungu kilichojulikana kama 148(5): mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengineyo. Hapo haiulizwi kama mtu ni mgonjwa, ana makazi ya kudumu au ni wa kutoroka. Jina la kosa limeshaamua, na jina hilo linaandikwa na upande wa mashtaka. Shtaka la wizi likipachikwa la utakatishaji fedha, aliyetarajia kurudi nyumbani jioni anapanda karandinga kwenda rumande, na kila kesi ikitajwa anaambiwa upelelezi haujakamilika.

Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, ikaipa serikali miezi 18 ya kukirekebisha. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Orodha ikabaki. (Mahakama hiyohiyo, miaka michache nyuma, ilikuwa imekubali kwamba kifungu jirani cha 148(4), kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu, ni batili.)

Kenya walipita njia nyingine. Kabla ya Katiba ya 2010, mshtakiwa wa mauaji hakuwa na dhamana. Sasa ibara ya 49 inampa haki hiyo kila aliyekamatwa, isipokuwa pawe na sababu nzito, mathalani kutishia mashahidi, na upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuzionyesha. Kwangu mimi huo ndio utaratibu wenye akili, maana anayepimwa ni mtu. Ila hata huko wapo wanaolala rumande na dhamana wamepewa: wamekosa tu ndugu mwenye hati ya shamba.