Pilau iliyobaki harusini: sheria ya Marekani inamlinda nani?

Waswahili wenye biashara za chakula hapa Marekani wananiuliza swali hili kuliko hata la kodi au leseni: nikigawa chakula kilichobaki, mtu akaugua, nitashtakiwa? Wengi wao wanauliza wakiwa wameshajijibu. Mgahawa unafungwa saa nne usiku, trei mbili za kuku hazijaguswa, na mfanyakazi anaambiwa azimwage kwa sababu "hii ni nchi ya kesi".

Nchi ya kesi ni kweli. Ila kwenye jambo hili Bunge la Marekani lilishaweka kinga tangu 1996, na ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Shida ni kwamba wanaoijua ni wachache, na kati ya hao wapo wanaoamini kwamba inafunika kila kitu. Haifuniki. Ina mpaka, na mpaka wenyewe uko jikoni zaidi kuliko mahakamani.

Tuanzie nyuma kidogo. Benki ya chakula ya kwanza Marekani ilianzishwa Phoenix, Arizona, mwaka 1967, na John van Hengel. Kadiri benki hizo zilivyoongezeka, ndivyo kampuni za chakula zilivyozidi kuogopa kutoa. California ikatunga sheria ya kuwakinga watoaji mwaka 1977, majimbo mengine yakafuata, na kufikia 1990 kila jimbo lilikuwa na yake. Hapo ndipo palipoharibika, maana kila sheria ilisema lake, na kampuni yenye maduka nchi nzima haikuwa na hamu ya kulipa mawakili wasome sheria 50 ili igawe mikate ya jana. Mwaka huo huo wa 1990 Bunge lilitoa sheria ya mfano ili majimbo yaiige. Hayakujihangaisha sana nayo. Miaka sita baadaye mfano ule uligeuzwa kuwa sheria kamili ya nchi nzima, ikapewa jina la Bill Emerson, mbunge wa Republican kutoka Missouri aliyekuwa mstari wa mbele katika masuala ya njaa na aliyefariki kwa saratani Juni 1996. Rais Clinton aliisaini tarehe 1 Oktoba. Mwaka uliofuata mawakili wa Wizara ya Sheria walitoa maoni kwamba jimbo haliwezi kumpa mtoaji kinga pungufu ya hii. Kumwongezea, ruksa.

Yaliyomo kwa ufupi ni haya. Mtu au kampuni ikitoa kwa nia njema chakula ambacho kwa kukitazama ni kizuri, ikakikabidhi kwa shirika lisilo la faida ili kiwafikie wahitaji, haitabeba dhima ya madai wala ya jinai kutokana na aina ya chakula hicho, umri wake, kilivyofungwa au hali yake. Shirika linalokipokea na kukigawa limekingwa vilevile. Wamo pia waokota masazo, wale wanaoingia shambani baada ya mavuno kama Ruthu kwa Boazi, ila hawa wanaokota ili wagawe bure; na mwenye shamba hawajibiki mmoja wao akiteguka mguu humo, isipokuwa kwa makosa mazito nitakayoyataja punde.

Chakula kizuri kwa mujibu wa sheria hii ni kile kinachotimiza masharti yote ya ubora na ya lebo ya nchi, ya jimbo na ya mji, hata kama sokoni hakitoki tena kwa sababu ya sura, umri, ukubwa au wingi wake. Nyanya iliyopinda, ndizi yenye madoa, pilau iliyopikiwa watu mia tatu wakaja mia mbili: vyote vimo. Kisichotimiza sharti fulani bado kinaweza kutolewa, ila umwambie anayepokea kasoro ni nini, akubali kuirekebisha, na awe anajua namna ya kuirekebisha. Mathalan boksi la biskuti ambalo lebo yake imesahau kutaja ufuta, uliohesabiwa miongoni mwa vyakula vikuu vinavyosababisha mzio tangu Januari 2023. Ukilitoa kimyakimya, umeshatoka nje ya kinga. Ukimwarifu mpokeaji akabandika lebo sahihi, umerudi ndani.

Na tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti? Watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Sheria ya taifa hailazimishi tarehe kwenye vyakula, isipokuwa maziwa ya kopo ya watoto wachanga, na hayo tarehe yake ikipita usiyatoe kabisa. Tarehe nyingine nyingi huwekwa na mtengenezaji kueleza ubora, na haimaanishi kwamba kesho yake chakula ni sumu. Majimbo kadhaa yana masharti yao juu ya vyakula fulani, kwa hiyo uliza idara ya afya ya unapoishi kabla hujapakia gari.

Kinga inavunjwa na mambo mawili: uzembe uliokithiri na ubaya wa makusudi. Sheria imeufafanua uzembe uliokithiri, na ufafanuzi huo ndio ninaowaomba wateja wangu wausome mara mbili. Ni kutenda, au kuacha kutenda, kwa hiari na kwa kutambua, huku ukijua wakati ule ule kwamba unalolifanya linaelekea kudhuru afya ya mtu. Uzito wote uko kwenye kujua. Kusahau kwa kawaida, kosa la kibinadamu, hakufikii hapo.

Mama mmoja wa Kimombasa, mpishi wa shughuli, aliniuliza juu ya pilau yake: "Wakili mwanangu, nikiwapa hawa wasio na makazi, matumbo yakawauma, si nitauzwa mpaka sufuria?"

"Mama, pilau ilitoka jikoni saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Na sasa iko wapi?"

"Iko pale mezani. Imefunikwa vizuri."

Saa zilikuwa tatu za usiku. Nilimwambia kwamba hiyo asimpe mtu, na wala si kwa sababu ya mahakama. Wali uliokaa kwenye joto la chumba hulea bakteria aina ya Bacillus cereus, na baadhi ya sumu zake hazifi hata ukiupasha moto upya. Haunuki wala haubadiliki rangi. Kanuni za mfano za usalama wa chakula za FDA, shirika la Marekani linalosimamia chakula na dawa, ambazo majimbo hutungia zake, zinataka chakula cha moto kikae kwenye nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, yaani 135 za Farenhaiti, na cha baridi kisizidi 5. Ukitaka kukipoza, kishuke kutoka 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 kabla saa sita hazijatimia tangu ulipoanza. Sufuria kubwa ya pilau iliyofunikwa haitimizi hayo hata kidogo. Katikati hubaki na uvuguvugu usiku kucha. Igawanye kwenye trei pana zenye kina kifupi, usizifunike mpaka zipoe, na uziingize kwenye friji.

Kisheria, pilau ile ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, haikutimiza masharti ya afya, kwa hiyo haikuwa tena chakula ambacho sheria inakitambua. Pili, mpishi mwenye cheti cha usalama wa chakula alishafundishwa nyuzi hizo na alifanyia mtihani. Akisimama mbele ya hakimu akasema hakujua, atapata tabu kuaminika. Cheti kinakusaidia kuendesha biashara na kinakunyima kisingizio.

Ndiyo maana kwangu kipimajoto cha dola kumi na tano kina thamani kuliko barua ya wakili. Andika kwenye daftari: chakula gani, kilipikwa saa ngapi, kilikuwa na joto gani kikitoka, kina karanga au maziwa, amekichukua nani. Mistari mitano tu. Kama ni halali, andika pia, wanaopokea watakushukuru.

Hadi mwisho wa 2022 kinga ilipitia shirika tu. Mwenye mgahawa aliyempa sahani mtu aliyelala nje ya mlango wake alikuwa kwenye utata. Tarehe 5 Januari 2023 Rais Biden alisaini marekebisho yaliyobadilisha hilo: maduka ya chakula, wauzaji wa jumla, wakulima, migahawa, wapishi wa shughuli, jikoni za shule na vyuo sasa wanaweza kumpa mhitaji moja kwa moja, na kinga ni ile ile, mradi hawamtozi hata senti. Mashirika nayo yameruhusiwa kutoza bei ndogo isiyozidi gharama ya kukishughulikia chakula, kama usafiri, ufungashaji na ugawaji. Zamani kutoza chochote kulikuwa kunahatarisha kinga yao.

Soma tena orodha hiyo. Mwenye harusi hayumo. Kama karamu ni yako na umepikia nyumbani, huwezi kuingia mtaani na hotipoti ukategemea kifungu hicho. Ukikikabidhi chakula kwa shirika, unaingia kama mtoaji wa kawaida, lakini chakula lazima kitimize masharti ya afya, na chakula cha jiko la nyumbani mara nyingi hakitimizi. Benki nyingi za chakula hazikipokei kabisa. Njia rahisi ni kumwachia mpishi uliyemkodi. Leseni ni yake, na yeye yumo kwenye orodha. Mliandike hilo kwenye mkataba kabla ya siku ya shughuli, maana usiku ule hakuna atakayekuwa na akili ya kujadili.

Misikiti, makanisa na vikundi vya akina mama huniuliza kama lazima wawe wamesajiliwa. Kwa sheria hii, hapana. Shirika lisilo la faida ni taasisi yoyote inayoendeshwa kwa lengo la dini, hisani au elimu, imesajiliwa au haijasajiliwa, mradi faida haigawiwi kwa viongozi, wafanyakazi au wenye hisa. Kikundi cha kanisa kinachopika supu kila Jumamosi kimo. Chama cha kuweka na kukopa kinachogawana mwishoni mwa mwaka hakimo, hata kama wanachama wake ni watu wema. Na futari ya msikitini anayoila kila aliyekuja, mhandisi na daktari wakiwemo? Sheria inazungumzia wahitaji, ingawa haikueleza mhitaji ni nani wala haikutaka apimwe mapato. Kwa yule anayekuja kwa njaa, nina hoja nzuri. Kwa daktari sina, na msikiti unapaswa kuwa na bima ya kawaida kwa mikusanyiko yake.

Kwenye kodi mambo ni makali zaidi. Hapo anayepokea lazima awe ametambuliwa na mamlaka ya kodi kama shirika la hisani (makanisa na misikiti hutambuliwa bila kuomba), na akupe maandishi kwamba chakula kitatumika kwa wahitaji, wagonjwa au watoto wadogo. Tangu mwisho wa 2015 nafuu hii iko wazi kwa biashara za kila aina, ikiwemo ya mtu mmoja. Hesabu yake: chukua gharama, ongeza nusu ya faida ambayo ungepata, lakini jumla isizidi gharama mara mbili. Sambusa iliyokugharimu dola 1 na unaiuza dola 2 inakupa punguzo la dola 1.50 kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kikomo kwa kawaida ni asilimia 15 ya mapato halisi ya biashara. Ukimpa mtu mkononi, umepata kinga lakini punguzo hupati.

Wale mlio California, kwenu kutoa si hiari tena kwa biashara za ukubwa fulani. Maduka makubwa na wauzaji wa jumla wanabanwa tangu Januari 2022, na migahawa yenye viti 250 au zaidi pamoja na hoteli kubwa zenye huduma ya chakula tangu Januari 2024: chakula kinacholika lazima kiokolewe, na kumbukumbu ziwepo.

Je, kuna aliyewahi kushtakiwa? Watafiti wa sheria wa Chuo Kikuu cha Arkansas walipopekua mwaka 2013 hawakukuta hukumu iliyochapishwa inayohusu mgogoro wa dhima chini ya sheria hii. Wengine husema hilo linaonyesha kwamba kinga inafanya kazi. Mimi nadhani limechangiwa pia na jambo la kawaida zaidi: mtu mwenye njaa hana wakili, na kuthibitisha ni sahani ipi iliyomuumiza ni kazi ngumu.

Jamaa wa Dar na Nairobi wanaoniandikia wakitaka kuitumia huko, haivuki bahari. Kenya na Tanzania zilirithi sheria ya uzembe ya Waingereza, na kesi iliyoijenga, Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932, ilihusu kinywaji alichonunuliwa mtu na rafiki yake. Aliyeugua hakulipa chochote, na bado mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema mtengenezaji alipaswa kumjali. Kwa hiyo hoja ya "nilimpa bure" peke yake haikuokoi.

Na kwa walio hapa: shirika likikuletea fomu kabla ya kuchukua trei zako, tafuta kipengele cha kufidia. Baadhi ya fomu zimenakiliwa kutoka mikataba ya wauzaji, na ndani yake unaahidi kulipia madai yoyote yatakayotokana na chakula chako. Sheria imekuondolea mzigo huo, lakini ukiubeba tena kwa saini yako mwenyewe utakuwa umenipa kazi kubwa ya kukutetea. Omba kifutwe. Mara nyingi wanakubali palepale, maana hata wao hawakumbuki kiliingiaje.