Chai ya kijani haiyeyushi kitambi, na mengine tunayoambiana kuhusu chai

Mtu akitaka kujua chai ipi ina faida mwilini, swali lake la kwanza huwa la rangi: ninywe ya kijani, nyeusi au nyeupe? Mimi humjibu kwa maswali mengine. Unainywa ikiwa na moto kiasi gani? Unatia vijiko vingapi vya sukari? Unainywa pamoja na chakula au mbali nacho? Majibu ya hayo matatu huniambia mengi kuliko rangi iliyoandikwa kwenye pakiti.

"Ya kijani ndiyo dawa, nyeusi ni maji ya rangi tu"

Chai ya kijani, nyeusi, nyeupe na oolong zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Kinachozitofautisha ni yale yanayotendeka baada ya kuchuma. Ili kupata chai nyeusi, majani hunyaushwa kisha husagwa au kuviringishwa mpaka utomvu wake ukutane na hewa. Hapo kimeng'enya kilichomo ndani ya jani huanza kazi, na jani hugeuka kahawia kama parachichi lililokatwa likasahauliwa mezani. Ya kijani huwahiwa: hutiwa mvuke au kukaangwa kwenye chuma kikavu, kimeng'enya kikafa kabla hakijafika mbali. Oolong husimamishwa katikati ya safari. Nyeupe ni machipukizi na majani machanga yanayonyaushwa na kukaushwa bila purukushani nyingi.

Kwa hiyo ni kweli kwamba ya kijani hubaki na katekini nyingi zaidi, zile kemikali za mmea zinazosifiwa kuwa antioksidanti, yaani vikinga seli zisiharibike. Lakini katekini za chai nyeusi hazikupotea hewani. Nyingi zimeungana zikawa theaflavini na thearubigini, ambazo ndizo zinazokipa kikombe wekundu wake na ule ukakasi kwenye ulimi. Mwaka 2022 ulitoka utafiti uliofuatilia karibu watu 500,000 nchini Uingereza kwa takriban miaka 11, wengi wao wakiwa wanywaji wa chai nyeusi. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 9 hadi 13 wakilinganishwa na wasiokunywa, watie maziwa wasitie. Sasa, huo ni utafiti wa kutazama tu watu wanavyoishi. Haukuthibitisha kwamba chai ndiyo iliyowaongezea siku. Ila ule usemi wa maji ya rangi hauna pa kusimama.

Mchaichai, tangawizi, chamomile, mnanaa na rosela tunaziita chai kwa mazoea, lakini hazimo katika ukoo huo. Hazina katekini zile wala kafeini, na utafiti uliofanywa juu ya jani la chai hauwezi kuazimwa kuzipamba. Kinywaji cha majani cha Amerika Kusini kiitwacho mate nacho si Camellia sinensis, ila hicho kafeini kinayo.

"Inayeyusha mafuta na kusafisha mwili"

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2012 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya kitabibu na kuyapima kwa pamoja, lilichambua majaribio ya chai ya kijani kwa watu wanene. Uzito uliopungua ulikuwa mdogo kiasi kwamba hauna maana kwa afya ya mtu. Kafeini na katekini huchochea kidogo mwili kuchoma nishati, sawa, lakini vijiko viwili vya sukari katika kikombe hichohicho vinatosha kufuta hesabu yote.

Baadhi ya watu, wakiona kikombe hakifanyi kazi, huhamia kwenye vidonge vya chai ya kijani iliyokamuliwa. Kikombe na kidonge si kitu kimoja. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba vidonge vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi za katekini iitwayo EGCG kwa siku vinahusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Chai ya kawaida ya kikombe, hasa ikinywewa polepole na pamoja na chakula, haimimini dozi ya namna hiyo kwa mkupuo.

Kisha kuna zile "chai za kusafisha". Kabla ya kununua, geuza pakiti usome viungo. Mara nyingi utakuta senna, yaani sanamaki, dawa ya kuharisha inayojulikana tangu kale. Sanamaki husukuma utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa karibu chote katika utumbo mwembamba. Kwa maneno mengine, ukikimbilia chooni, wali ulioula jana umeshaingia mwilini zamani. Kinachotoka ni maji na kinyesi. Mizani itashuka leo na kupanda kesho ukinywa maji. Ukiendelea kwa wiki nyingi, unapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Kazi ya kusafisha mwili ina wenyewe, ini na figo, na hawajaomba msaidizi.

"Chai inakausha damu, rosela inaongeza"

Nusu ya kwanza ina chembe ya ukweli iliyovishwa nguo kubwa mno. Chai haigusi damu uliyonayo. Inachofanya ni kung'ang'ania madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mboga za majani na nafaka, ili utumbo usiyapate. Tanini, kemikali za chai zenye ukakasi, na jamaa zake hushikana na chuma hicho ndani ya tumbo, na kiasi kinachoingia mwilini hushuka sana chai ikinywewa pamoja na mlo. Chuma cha nyama hakiathiriki hivyo. Mtu mwenye damu ya kutosha hana haja ya kuhangaika. Mjamzito, mtoto, au aliyeambiwa na daktari kwamba amepungukiwa damu, aache walau saa moja kati ya chakula na chai, na vidonge vyake vya chuma asivimeze kwa chai.

Nusu ya pili ni kudanganywa na macho. Wekundu wa rosela ni rangi ya mmea iitwayo anthosianini, ambayo haihusiani na chuma. Lakini rosela ina sifa nyingine ya kweli isiyosemwa sana. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo waligawanywa: wengine wakanywa vikombe vitatu vya rosela kwa siku, wengine kinywaji kilichofananishwa nayo. Baada ya wiki sita, ile namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa pointi 7.2 kwa wale wa rosela na 1.3 kwa wenzao. Ni jambo la kutia moyo, na ndiyo sababu hasa anayemeza dawa za presha anapaswa kumwambia daktari wake kabla ya kuigeuza kinywaji cha kila siku.

"Chai tamu ni ya moto moto"

Laiti ningeruhusiwa kuondoa tabia moja tu, ingekuwa hii. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kosa ni la joto, si la jani. Huko Golestan, kaskazini mwa Iran, watu zaidi ya 50,000 walifuatiliwa kwa miaka. Waliokunywa zaidi ya mililita 700 kwa siku, chai ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari ya saratani hiyo iliyozidi kwa karibu asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa kiasi.

Nilichomeka kipimajoto cha jikoni kwenye kikombe nilichotoka kukimimina. Kilisoma zaidi ya nyuzi 80. Tangu hapo naacha kikombe kikae, nafanya kazi nyingine, narudi. Ikiwa unalazimika kupuliza na kufyonza kwa kelele, midomo yako imeshakupa jibu.

Mengine kwa ufupi

Chai haikaushi maji mwilini. Utakwenda haja ndogo zaidi kidogo, lakini maji ya kikombe yanazidi yanayotoka. Chai ya kijani ina kafeini, kama miligramu 30 kwa kikombe, nyeusi 40 hadi 50. Kikomo cha mtu mzima ni karibu 400 kwa siku, cha mjamzito 200. Kumwaga maji ya kwanza baada ya nusu dakika hakuondoi kafeini, sehemu kubwa inabaki kwenye jani. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, hilo lina ushahidi. Mafua haiyatibu, ingawa kikombe cha uvuguvugu hulainisha koo. Asali katika chai huhesabiwa na Shirika la Afya Duniani kundi moja na sukari. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vitatu vya sukari ni gramu 36 hivi, ilhali shirika hilo linaona ni vyema tusizidi 25 kwa siku.

Na ule usemi kwamba kadiri unavyozidisha ndivyo faida inavyozidi? Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamke wa miaka 47 ambaye kwa miaka 17 alikuwa akinywa kila siku jagi moja la chai iliyokolezwa kwa vifuko 100 hadi 150. Mifupa yake ilikuwa imejaa floridi, madini yaliyomo kwenye jani la chai, na meno yote yalikuwa yameng'olewa kwa kuwa yalikatika ovyo. Miaka miwili baadaye wakaeleza habari za mwanamume wa miaka 56 aliyekuwa akimaliza glasi 16 za chai baridi kwa siku. Alifika hospitali akiwa dhaifu, amechoka, mwili unamuuma. Figo zake zilikuwa zimejaa fuwele za oksalati, kemikali ya mmea iliyotoka kwenye ile chai, na akaishia kwenye mashine ya kusafisha damu.