Gome la mti wa barabarani na mapafu yetu: maswali na majibu

Gome la mti linahusianaje na hewa ninayovuta?

Nenda kwenye mti mkubwa karibu na kituo cha daladala, upitishe kiganja kwenye gome lake. Kitatoka na weusi. Gome la nje limekwisha kufa, na nyufa zake hunasa masizi, vumbi na chembe za metali mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mji usiomudu mashine nyingi za kupimia hewa unaweza kuanza na miti yake.

Wapi wamefanya hivyo?

São Paulo, Brazili. Watafiti wa huko hutumia tipuana, mti wa maua ya njano uliojaa mitaani mwao. Hukwangua tabaka la juu la gome, milimita chache tu, hulikausha na kulisaga, kisha unga wake hupimwa kwa eksirei ili metali na elementi nyingine zilizomo zijulikane. Zinki nyingi huashiria matairi yanayosagika, shaba na bariamu huashiria breki, salfa huashiria dizeli. Mimi hilo la breki ndilo lililonishtua: hata gari lisilotoa moshi linachafua hewa kila linaposimama. Ndani ya bustani za jiji hilo, miti ya pembeni mwa barabara hubeba metali nyingi kuliko ya katikati. Ukitafuta pa kufanyia mazoezi, ingia ndani.

Chembe hizo hutudhuru vipi?

Zenye upana chini ya mikroni 2.5, takriban sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu. Huamsha pumu, huwaweka watoto kwenye hatari ya nimonia, huchangia kiharusi, maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka wa chembe hizo hewani usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo.

Mti wa mbele ya nyumba yangu ukikutwa na metali nyingi, mimi ni mgonjwa?

Hapana. Gome linapima mtaa, halikupimi wewe. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili au kifua kikibana, nenda kituo cha afya.

Naweza kuchemsha magome ya mwarobaini wa barabarani?

Tafadhali usifanye hivyo. Moto huua vijidudu, lakini metali ya risasi haiungui, na sehemu yake huingia kwenye maji unayokunywa. Kusuuza huondoa vumbi la juu tu. Tena miti mikongwe ilikuwepo enzi za petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Ubongo wa mtoto hudhurika hata kwa risasi kidogo sana. Kama shangazi ameshakuletea fungu la magome, muulize kwanza aliyachuna wapi.